Baridi ya Watu

Kisiba, Tukuyu
14 Februari 1993

Kwa mdogo wangu Meshaki,

Ugonile huko uliko. Pokea salamu zangu na za wote wa hapa. Sisi hatujambo, ila mvua haitaki kutuachia tangu Krismasi. Nguo tunazivaa na ubichi wake, na kuni zinatoa moshi tu, macho yameniwiva. Ndizi zipo tele. Wachuuzi wanaingia na malori mpaka huku kwetu ziwani, kila mmoja na bei yake mdomoni, kila mmoja anajiona yeye ndiye serikali. Ndiyo soko huria hilo mnaloimbiwa redioni huko Dar. Marita mwanangu kajifungua salama kule Bulyaga, mtoto wa kiume. Kafanana na marehemu mume wangu mpaka nikacheka kwa sauti pale pale kitandani kwa mzazi, wakaniona sina adabu. Wamempa jina lake, Amoni.

Veronika mkeo mwambie khanga zilifika. Moja niliivaa kanisani na wenye macho waliona.

Mwanangu Asajile yupo hapa nyumbani. Amepumzika kidogo kazi ya kiwanda cha chai. Usishtuke, ni mapumziko tu, siku hizi kiwandani wanapunguza watu ovyo.

Nilikuwa na swali moja, wewe unayeshinda na damu za watu. Ile wodi uliyonisimulia ulipokuja likizo, ya waliochanganyikiwa akili. Watu wale huwa wanaanzaje? Nauliza tu. Kuna mama jirani ana mtoto anamtia wasiwasi.

Barua zako tuma kwa Marita Bulyaga, mimi nazichukua nikienda sokoni Tukuyu. Nikichelewa kujibu ujue ni njia, maana utelezi wake ni wa kuvunja mtu kiuno.

Dada yako,
Tupokigwe


Dar es Salaam
9 Machi 1993

Dada mpendwa Tupokigwe,

Shikamoo dada. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia habari za Amoni mdogo. Sisi huku tunaiva kwa joto. Veronika ameanza kuuza mitumba mbele ya nyumba, sebule yote imejaa makoti ya Wazungu, nikirudi kazini nahisi kuna wageni wamesimama. Mwenyewe anasema siku hizi kila kitu ruksa, mshahara wangu ndio peke yake haujapata ruhusa ya kukua.

Dada, huyo mama jirani ni nani? Nimewapanga majirani zako wote kichwani, mmoja mmoja, kutoka kwa mzee Simon mpaka kule kisimani, na simwoni. Usinifiche. Asajile ana nini?

Umeuliza wanaanzaje. Mara nyingi hawaanzi kwa kelele. Mtu anaanza kupoteza mpangilio. Alikuwa hodari, sasa kazi aliyoizoea inamshinda. Anajitenga, haogi, anacheka peke yake. Sauti za watu wasiokuwepo huja baadaye.

Kazi yangu ni kuhesabu chembe za damu kwa darubini, na daktari wetu wa wodi ile ana wazo moja linalomnyima usingizi. Anasema sote tumekazana kutazama kichwa, tukasahau damu. Kwenye damu kuna chembe nyeupe, hao ni askari wa mwili. Mwili ukivamiwa na ugonjwa wanaamka, ugonjwa ukiisha wanalala. Kwa baadhi ya wagonjwa wetu askari hawalali. Wako macho muda wote, kama kijiji kilichopigiwa mbiu ya hatari na hakuna aliyekuja kuwaambia hatari imekwisha. Na hao hao, dada, ndio wanaosahau kuliko wenzao. Ukiwapa mambo matatu ya kufanya kwa kufuatana, hawawezi. Sauti unaweza kuzinyamazisha kwa vidonge, lakini kule kusahau kunabaki. Daktari mwenyewe anakiri hajui lipi limezaa lipi. Bado anatafuta, nami namtafutia.

Sasa niambie ukweli.

Mdogo wako,
Meshaki


Kisiba, Tukuyu
4 Aprili 1993

Kwa mdogo wangu Meshaki,

Ugonile. Barua yako ilikaa kwa Marita wiki nzima, mtoto alikuwa anaharisha, sasa hajambo. Maparachichi yote yameangushwa na upepo, tumewapa nguruwe. Mchungaji wetu anahamishwa, na kwaya imegombana nani atunze ngoma. Hayo ndiyo mapya.

Haya, umenikamata. Hakuna mama jirani. Nilisoma pale ulipoandika wanaanzaje, nikaiweka barua chini, nikaenda kukaa jikoni bila hata moto.

Unajua kazi ya Asajile kiwandani. Chai ikishasagwa inaachwa ichachuke, na lazima awepo mtu wa kuinusa na kusema sasa tayari, ipelekwe kwenye kikaushio. Pua ya mwanangu ilisifiwa mpaka na meneja. Basi mwezi wa kumi na moja akaanza kuichelewesha. Mara ya kwanza wakasema kasinzia. Mara ya pili jani likaharibika lote, limekuwa kama samadi, naye amesimama pale pale analitazama. Wakamuuliza, Asajile, unangoja nini? Akasema anangoja wamalize kuongea. Nani hao? Akaonyesha mashine. Wakamrudisha nyumbani, na si kwa kupunguzwa. Nilikudanganya, na nitamdanganya mwingine yeyote akiniuliza.

Hapa nyumbani nikimpa ndizi amenye, anatia maganda chunguni, ndizi anawatupia nguruwe. Mwanangu aliyekuwa anapika kunishinda! Dirisha lake kalipigilia misumari kwa ndani. Jumapili moja nimempelekea chai, akaipokea kwa mikono miwili vizuri kabisa, akaniangalia, akaniambia, "Asante mama. Samahani, wewe ni wa nyumba ya nani?" Sikulia mbele yake. Nilimwambia ni wa nyumba ya Amoni. Akasema, "Amoni namfahamu."

Tumempeleka Mbeya hospitali kubwa, mimi na shemeji Anyosisye, yule mdogo wake marehemu. Wamempa vidonge. Anameza nikimbembeleza.

Sasa huyo shemeji. Tumerudi, hata viatu hajavua, ananiambia hii ni baridi ya watu. Wewe umekuwa mtu wa Pwani, labda umesahau. Ukiwakosea majirani zako hawahitaji dawa wala mganga. Wananung'unika tu majumbani mwao, na ule mnung'uniko wao unakuwa pumzi ya baridi, inamwingia mtu wa nyumba yako, anatetemeka kwa homa. Haimtoki mpaka uwaite, wale chakula chako, na kila mmoja akiseme kinyongo chake kwa mdomo wake, wazi. Shemeji anasema kinyongo wanacho. Wakati wa kumzika mume wangu tulichinja ng'ombe mmoja mdogo, watu wakagawana vipande vya kutia huruma, na lile dume kubwa likabaki zizini linacheua. Ni kweli. Ni mimi niliyekataa. Kanisa lilisema tusifanye misiba kuwa karamu, nami nililitaka lile dume liwe mahari ya Asajile. Mzee Simon hajanyoosha mkono kunisalimia vizuri tangu siku ile.

Nikamjibu shemeji kwamba baridi ya watu ni homa, na mwanangu hana hata joto. Mguse mwenyewe. Akamgusa paji la uso, akaondoa mkono, akasema, "Itakuja."

Nilimfukuza. Lakini Meshaki, naogopa. Niambie cha kufanya.

Dada yako,
Tupokigwe


Dar es Salaam
28 Aprili 1993

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua nazo zimeanza, barabara ya mtaani kwetu imekuwa mto, watu wanavushwa mgongoni. Veronika anakusalimu, amelia kwa ajili ya Asajile. Nami nimelia, sikufichi. Yule mtoto nilimfundisha mimi mwenyewe kupiga mluzi.

Sikiliza, na umsomee shemeji barua hii kama atakubali. Huu ni ugonjwa, una jina na una dawa. Vidonge asiache hata siku moja. Atasinzia, mdomo utamkauka, mikono itatetemeka kidogo, hayo yasikutishe. Sauti zitapungua. Kuhusu kusahau siwezi kukuahidi kitu. Mpe kazi moja moja, usimpe mbili kwa pamoja, na usimkaripie.

Jambo la pili. Mpeleke hospitali hapo Tukuyu wampime damu, wahesabu chembe nyeupe, kila baada ya wiki mbili tatu kwa miezi hii ya mwanzo. Ni utaratibu tu, usijali sana sababu yake. Ila fanya.

Na sasa nikupe jambo la kukutia moyo, maana sisi wote hapa bado tunalizungumza. Tuna mgonjwa mmoja, alikuwa mwalimu. Miaka mingi hasemi neno lenye kichwa wala miguu, hata jina lake hajui. Mwezi uliopita akapata malaria kali. Dada, homa ilipopanda yule mtu akaamka! Akamuulizia mkewe kwa jina. Akauliza nani anafundisha darasa lake. Daktari wetu alikimbia kwenye korido akiniita kwa sauti kama anauza samaki. Akaniambia, "Unaona? Askari wamepata vita vya kweli, wameacha kupigana na kichwa." Alisema zamani huko Ulaya madaktari waliwahi kuwapa wagonjwa homa makusudi, kwa ugonjwa mwingine wa akili. Basi akatibiwa malaria, homa ikashuka, na baada ya siku chache akarudi kule kule kwenye ukimya. Daktari alikaa benchi amejishika kichwa. Lakini si inaonyesha kwamba mtu bado yumo ndani, hajapotea? Asajile naye yumo, dada. Shikilia hilo.

Damu apimwe, nakukumbusha tena.

Mdogo wako,
Meshaki


Kisiba, Tukuyu
23 Mei 1993

Kwa mdogo wangu Meshaki,

Ugonile, na ndaga fijo, asante sana kwa barua. Marita na mtoto hawajambo. Baridi imeanza, asubuhi ziwa halionekani kwa ukungu, na mahindi tunayakausha juu ya moto. Mchungaji mpya amefika, kijana mwembamba, hata mkewe ana sauti kumshinda.

Asajile anameza vidonge vyake. Ametulia. Anasinzia kama kuku mgonjwa, lakini misumari ya dirisha ameing'oa mwenyewe. Jina langu hulijua siku nyingine na siku nyingine hapana. Ndizi sasa anamenya vizuri nikimsimamia.

Mambo ya damu usiwe na wasiwasi nayo.

Nimeirudia sana habari ya yule mwalimu. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umeandika kwamba homa ilipopanda akili ikarudi, na walipoitibu ikaondoka. Sasa nikuulize. Wasingeitibu ingekuwaje? Hilo hukuandika. Muulize daktari wenu, unijibu haraka.

Shemeji amekuja tena. Safari hii sikumfukuza.

Dada yako,
Tupokigwe


Kisiba, Tukuyu
13 Juni 1993

Meshaki mdogo wangu!

Ugonile, ugonile tena. Leo salamu nitazifupisha, uniwie radhi, kalamu inanikimbia. Wote wazima. Barua yako ya kunijibu haijafika, lakini hata usipojibu sasa si neno, jibu nimelipata mwenyewe.

Homa imekuja.

Ilianza Jumatatu kwa kutetemeka, meno yanagongana, nimemfunika blanketi zote za nyumba hii na koti la baba yake juu. Mwili unachoma kama jiwe la mafiga. Shemeji akaja, akamgusa, akanitazama. Jioni ile ile tukaenda kwa mzee Simon. Nilipiga magoti, Meshaki. Mimi! Nikasema nimekuja kuwaita, dume lipo.

Wakaja wote Jumatano. Dume limechinjwa, na nyama nimeigawa kwa mkono wangu, mapande ya kushika kwa mikono miwili. Wakala. Halafu kila mmoja akasimama akasema. Mama Godwin akasema alirudi msibani na kipande kisichojaza kiganja, na watoto wakamcheka. Mwingine akasema nilimpita njiani bila kumwona. Mzee Simon akasema mengi, mengine ya zamani hata sijaolewa, nikayapokea yote. Mwisho akatia maji mdomoni, akampulizia Asajile, akasema, "Kama ilikuwa pumzi yetu, itoke." Mchungaji hakuitwa. Akijua nitamjibu mwenyewe.

Na Meshaki, akaamka! Alhamisi asubuhi mwanangu akafungua macho akaniita mama. Hakuuliza mimi ni wa nyumba ya nani. Akaniambia, "Mama, wameacha kuongea." Akaulizia chai ya kiwandani, nani anainusa sasa. Akanitajia kazi yote, kwanza linanyaushwa, kisha linasagwa, kisha linachachuka, kisha kikaushio, hajakosea hata moja. Akaniuliza baba yake tulimzikaje, maana anasema siku ile haikumbuki vizuri, nikamweleza tangu mwanzo mpaka mwisho, naye anasikiliza, anauliza maswali ya mtu mwenye akili zake. Tulilia pamoja. Marita amekuja na mtoto, Asajile akamwita kwa jina, Amoni mdogo, akataka kumshika lakini nikamwambia asubiri apate nguvu.

Tatizo ni koo tu. Limejaa vidonda vyeupe mpaka kwenye fizi, hawezi kumeza, hata uji anautema. Vidonge navyo havipiti. Mate anayatoa na damu kidogo. Lakini akili, Meshaki, akili imesimama kama mnara wa kanisa. Marita alileta dawa ya malaria kutoka duka la dawa sokoni. Nimeificha. Sitaishusha homa hii ili mwanangu arudi kule kule kama mwalimu wenu. Shemeji anasema ikishamaliza kazi yake itatoka yenyewe.

Nimekuandikia nikiwa kando ya kitanda chake. Anasema nikusalimie sana. Anajaribu kupiga mluzi, midomo imepasuka, anacheka.

Dada yako mwenye furaha,
Tupokigwe


Dar es Salaam
26 Juni 1993

Dada,

Nimerudi leo kutoka Tanga, tulikuwa huko mwezi mzima na daktari kukusanya damu za wagonjwa, nikakuta barua zako mbili mezani kwa pamoja. Nimeisoma ya pili nimesimama. Nimekimbia posta kutuma simu ya maandishi kwa Marita, na barua hii nampa kondakta wa basi la Tukuyu mkononi.

Hiyo homa si baridi ya watu, wala si ile ya mwalimu. Ni vidonge. Kwa watu wachache sana, vidonge vile vinaua chembe nyeupe, askari wote wa mwili wanakwisha, na mtu anabaki mlango wazi, kijidudu chochote kinaingia. Dalili zake ni homa na vidonda vya koo. Ndiyo maana nilisema damu ipimwe. Sikukuambia sababu kwa kuwa nilijua ungeogopa ukamwachisha dawa. Mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje kuche, usingoje gari, wambebe kwa machela. Vidonge asimeze tena hata kimoja. Waambie alikuwa anameza nini, waambie koo, waambie wahesabu chembe nyeupe, wampe dawa za sindano. Kama hawana, zinunuliwe popote, mimi nitatafuta.

Akili yake kurudi hakumaanishi amepona. Hata yule mwalimu hakupona. Mimi niliandika tu kwa kuwa lilinifurahisha.

Niandikie kwa kondakta huyu huyu anaporudi. Hata neno moja.

Meshaki


Kisiba, Tukuyu
11 Julai 1993

Kwa mdogo wangu Meshaki,

Ugonile. Tumepokea salamu zako. Sisi wazima. Marita mzima, mtoto ameota jino. Baridi ni kali, asubuhi majani ya chai yana ukungu mweupe juu yake na wachumaji wanalalamika vidole. Ndizi zimeshuka bei. Kondakta alirudi mara mbili akiuliza kama kuna barua, nikamwambia bado.

Simu yako ililetwa na Marita, ameikunja mkononi, amekimbia mvua nzima kutoka Bulyaga. Tulikuwa tumekwisha kumzika Asajile. Kaburi lake liko kando ya baba yake, kwenye ile migomba ya juu.

Alikaa na akili zake mpaka Jumanne. Jumanne jioni akaanza kupumua haraka, mikono ikapoa na mwili bado unachoma. Nilimuuliza nani mimi, akasema, "Mama, unauliza nini?" Lilikuwa neno lake la mwisho lililosikika vizuri, na alilisema kwa kunishangaa, kama mtu anayeulizwa kitu cha kitoto.

Sasa nakuambia nililokuficha. Damu hakupimwa hata mara moja. Tulifika Tukuyu hospitali, tumekaa benchi, nesi akaita kwa sauti, "Wa kupima damu nani?" na benchi lote likageuka kututazama. Unajua siku hizi kijana akikonda na kupimwa damu watu wanasema nini. Walishaanza kusogea mbali nasi. Nikamshika mkono mwanangu nikamwambia twende nyumbani. Nikajisemea ni utaratibu tu, mdogo wangu mwenyewe kaandika ni utaratibu.

Ungeniandikia sababu, Meshaki. Ungeandika kwamba vidonge hivi vinaweza kumuua, mpime damu aishi. Ningekaa kwenye benchi lile mpaka lioze. Wangesema ukimwi, wangesema wanavyotaka, ningewajibu mmoja mmoja. Mimi naogopa maneno ya watu, lakini si kuliko mwanangu. Wewe ulinijua miaka yote hiyo na ukaona siwezi kubeba neno moja la kweli, ila la yule mwalimu ukaniandikia ukurasa mzima kwa sababu lilikufurahisha.

Daktari wenu asiandike habari za Asajile kwenye utafiti wake. Usimpe.

Majirani walikuja wote msibani, walilala hapa, walichimba, walipika, mzee Simon alitengeneza msalaba kwa mikono yake. Wananisalimia vizuri sasa, hakuna aliyebaki na kinyongo, waliyamaliza yote siku ile mbele yangu. Shemeji Anyosisye anakuja kukata kuni anaondoka. Nikimtazama namwona amezeeka, siwezi kumwambia kitu. Nyumba hii imekuwa na amani mpaka nataka kupiga mayowe.

Sina wa kumgombeza huku. Wote nimepatana nao. Umebaki wewe tu.

Njoo.

Dada yako,
Tupokigwe